Gurudumu Moja Msituni: Kuvuka Mizizi, Miinuko na Miteremko

Baiskeli ya gurudumu moja haina frihwili. Krenki, yaani mikono inayobeba pedali, zimeshikana na habu, kitovu cha gurudumu, moja kwa moja: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka nalo, likikwama, miguu inakwama. Kwenye mteremko huwezi kuziacha pedali zitulie, kwenye kilima hakuna gia ya kushusha, na hakuna gurudumu lingine mbele la kulionja shimo kabla yako. Ndiyo maana kati ya mizizi na mawe swali linalotangulia mengine yote ni hili: krenki ziko wapi pale tairi linapogusa mzizi?

Krenki zikilala, yaani moja mbele na moja nyuma sambamba na ardhi, mguu wa mbele unasukuma kwa uzito wote wa mwili. Zikisimama, moja juu na moja chini, kanyaga utakavyo, gurudumu halipati nguvu. Kila mzunguko una sehemu mbili zilizokufa namna hiyo. Tairi la inchi 24 lenye upana wa inchi 3 husafiri takriban mita 2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kutoka krenki kulala hadi zilale tena ni mita 1. Kwa inchi 29 ni kama mita 1 na sentimita 15. Kishike kipimo cha baiskeli yako, maana ndicho utakachotumia kuisoma njia.

Tunachukulia kwamba tayari unaweza mambo manne: kupanda bila kushika ukuta wala mtu, kwenda mita 500 bila kushuka, kukata kona kulia na kushoto, na kushuka kwenye ukingo wa barabara wa sentimita 10 ukabaki juu. Kama bado, anzia uwanjani. Wengi huhitaji saa 10 hadi 15 za mazoezi ili kwenda tu kwenye sakafu tambarare.

Baiskeli ya kazi hii

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu kama George Peck wa Seward, Alaska, na Kris Holm wa Vancouver, Kanada, walikuwa wakienda porini na baiskeli zilizokusudiwa sarakasi na lami. Ekseli zenye ncha ya pembe nne zilipinda, krenki zilicheza. Leo zipo baiskeli zilizoundwa kwa ajili ya milima, na Holm mwenyewe ana chapa ya vifaa yenye jina lake. Ukinunua iliyotumika, kitu cha kwanza kukagua ni ncha ya ekseli. Ikiwa na pembe nne, ni ya barabarani. Itapinda ukianza kuruka. Tafuta habu ambayo ekseli yake ina meno 10 manene ya aina ya ISIS, kiwango cha kuunganisha ekseli na krenki.

Gurudumu la inchi 24 ndilo rahisi zaidi kulitawala kwenye njia nyembamba yenye kona nyingi. La 29 linapita juu ya mizizi midogo kama haipo, lakini ni zito kulianzisha na gumu kulisimamisha. Kwa anayeanza tunasema 24 au 26, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki 26 ina faida ya ziada: tyubu zake zinapatikana kwa karibu kila fundi kwa sababu ya baiskeli nyingi za mtumba za ukubwa huo. Tyubu ya 26 kwa 2.1 hujivuta ikaingia kwenye tairi pana zaidi na kukufikisha nyumbani. Tairi lenyewe la inchi 3 huenda ukalazimika kuliagiza, kwa hiyo usingoje liishe.

Krenki za milimita 150 ni chaguo salama. Za 125 zinazunguka kwa ulaini na kasi, ila kwenye kilima utajuta. Za 165 au 170 zinapanda popote, lakini pedali ya chini inakaribia ardhi na miguu inachora duara kubwa linaloyumbisha mwili. Baadhi ya krenki zina matundu mawili ya pedali, kwa mfano 127 na 150, na hizo ni fedha iliyotumika vizuri.

Kuhusu pedali kuna kosa moja linaloharibu krenki nyingi mpya. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inakazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Kwa kuwa gurudumu hili halina mnyororo, ni rahisi kulifunga kwenye foku (uma unaolishika gurudumu) likiwa limegeuka, pedali ya L ikawa upande wa kulia. Kila unavyokwenda, pedali zinajifungua taratibu, zinachezacheza, kisha zinachana nyuzi za krenki ya aluminiamu. Kabla ya kupanda angalia herufi: L iwe kushoto kwako ukiwa umekaa. Pedali ziwe pana, zenye pini za chuma. Zile za kubana kiatu usizifikirie kabisa, kwa sababu usalama wako wote unategemea miguu kutoka mara moja.

Siti iwe na kishikio imara mbele, kwani utakivuta kwa nguvu. Barabarani siti hupandishwa mpaka kisigino kikikanyaga pedali ya chini mguu unanyooka. Msituni ishushe sentimita 3 hadi 5 kutoka hapo ili magoti yapate nafasi ya kumeza mishtuko, na pua yake iinuliwe kidogo. Ukiishusha kupita hapo, mapaja yatawaka moto baada ya dakika kumi na magoti yatauma kesho yake.

Breki si ya lazima siku ya kwanza, lakini kwenye miteremko ya zaidi ya mita mia moja ndiyo inayookoa magoti. Zipo za kubana rimu kwa mafuta, Magura HS33 ikiwa maarufu kwa miaka mingi, na zipo za diski. Mkono wa breki hufungwa chini ya pua ya siti, uvutwe kwa kidole kimoja cha mkono ule ule ulioshika kishikio.

Upepo wa tairi

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika kabla ya kuanza. Tairi gumu likigonga mzizi linadunda kama mpira na kukurusha. Tairi laini mno linajikunja kwenye kona, linavuta upande wake lenyewe kwenye njia iliyoinama, na rimu inabana tyubu dhidi ya jiwe mpaka itoboke matundu mawili yanayotazamana.

Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la 24 kwa 3, anza na psi 20 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Panda juu ya mzizi mnene au ukingo, ruka mara tano papo hapo. Kama rimu haigongi kabisa, punguza psi 2, rudia. Utakapousikia mgongano wa rimu kwa mbali, ongeza psi 2 na uishie hapo. Wengi hutua kati ya 14 na 20. Mwenye kilo 90 atahitaji zaidi. Tairi jembamba la inchi 2.4 linataka upepo zaidi kuliko hapo. Vipimo vingi vya pampu za kituo cha mafuta si sahihi kwenye namba ndogo kama hizi, hivyo nunua kipimo chako cha mkononi. Penye miiba ya migunga, weka takriban mililita 100 za dawa ya maji ya kuziba matundu ndani ya tyubu.

Mavazi na vitu vya mkobani

Helmeti, glavu zenye kinga ya kiganja, na kinga ndefu inayofunika goti na ugoko pamoja. Hiyo ya mwisho watu huiona ya kupita kiasi, mpaka pini za pedali zipite kwenye ugoko. Viatu viwe na soli bapa isiyo laini sana, na kamba zichomekwe ndani, kwa kuwa kamba ikijizungusha kwenye krenki hakuna atakayekuonya. Suruali fupi ya baiskeli yenye sponji ndani itakuwezesha kukaa zaidi ya nusu saa.

Mkobani: tyubu moja, vijiti viwili vya kutolea tairi, pampu, eleni (funguo za pembe sita) za milimita 5, 6 na 8, spana ya 15 ya pedali, na maji lita moja na nusu kwa saa mbili. Kwa gurudumu la 24 na mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 kwa saa. Ukijumlisha kuanguka, kupanda tena na kupumzika, kilomita 5 za msitu ni kazi ya saa nzima au zaidi, kwa hiyo usipange safari kwa hesabu ya baiskeli ya kawaida.

Njia ya kwanza

Tafuta kilomita 1 au 2 ya udongo ulioshikana, mizizi michache isiyozidi sentimita 5, na miinuko isiyozidi mita 1 kwa kila mita 10. Msitu wa Karura, Nairobi, ni mfano mzuri: baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia zilizowekewa alama na sehemu nyingi zina mwinuko wa wastani. Lakini udongo wake mwekundu ukinyeshewa unanata kwenye tairi na foku mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mzizi uliolowa unateleza kama sabuni. Subiri siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Hata njia yenyewe itakushukuru. Wewe ndiye uwapishe waendao kwa miguu, kwa kushuka kwenye baiskeli, na uwasalimu mapema. Utaulizwa gurudumu la pili liko wapi. Andaa jibu.

Itembee njia kwa miguu kabla ya kuiendesha. Si kwa ajili ya mandhari: unatafuta mizizi ya mshazari, mashina yaliyokatwa yanayoweza kugonga pedali, na sehemu tambarare ambapo utaweza kupanda tena ukishushwa.

Kupanda penye mawe na mteremko

Msituni utapanda mara thelathini kwa saa, kwa hiyo mbinu mbovu ya kupanda inachosha kuliko kuendesha.

1. Lenga mahali penye angalau mita 2 za wazi mbele, maana nusu mizunguko miwili ya kwanza ndiyo dhaifu.
2. Zungusha gurudumu mpaka pedali ya mguu wako wa kuanzia iwe nyuma, chini kidogo ya usawa wa ekseli.
3. Weka siti katikati ya mapaja, mkono mmoja kwenye kishikio, mguu wa kuanzia juu ya pedali ile.
4. Jirushe mbele na juu kwa mguu ulio ardhini. Ule ulio kwenye pedali usiukandamize. Ukiukandamiza, gurudumu linarudi nyuma na pedali nyingine inakugonga ugokoni.
5. Mguu wa pili ukigusa pedali ya mbele, sukuma papo hapo. Ukingoja kutulia kwanza, umeshaanguka.

Kwenye mwinuko, egemeza tairi kwenye mzizi au jiwe lililo nyuma yake lisirudi, au panda ukiwa umeelekea kando, si juu ya mlima, kisha geuza ndani ya mzunguko wa kwanza. Kwenye mteremko bana breki tangu mwanzo. Gurudumu linakuwa kama ngazi iliyosimama, na kupanda huku kunakuwa rahisi kuliko tambarare.

Kukaa juu

Sehemu kubwa ya uzito iwe kwenye siti. Mgeni wa msitu husimama juu ya pedali kwa woga, na baada ya mita 200 mapaja yamekwisha. Mkono mmoja ushike kishikio, mwingine uwe nje kupima mizani. Macho mita 3 hadi 5 mbele, yaani nusu mizunguko mitatu hadi mitano, tairi usilitazame. Ukiona bonde dogo la upana wa tairi moja, usilifuate ndani yake: kuta zake zinalishika tairi na kukunyima nafasi ya kuyumba, nako kuyumba ndiko kunakokuweka wima.

Mizizi: kiini cha kazi

Tairi likigonga mzizi wa sentimita 8, gurudumu linapungua mwendo ghafla na mwili unaendelea mbele. Ukivuka upande wa pili, gurudumu linaanguka na kuongeza mwendo, mwili unabaki nyuma. Ni misukosuko miwili inayopingana ndani ya nusu sekunde, na wengi hujiandaa kwa wa kwanza tu.

Mita 2 kabla, kadiria krenki zitakuwa wapi. Unataka zilale, mguu wako wenye nguvu ukiwa mbele, tairi linapougusa mzizi. Kama hesabu haikubali, una njia tatu. Ya kwanza ni kupinda kidogo kulia kisha kushoto ili kuongeza sentimita 20 au 30 za mwendo; ndiyo laini zaidi, na waliobobea huifanya bila kufikiri. Ya pili ni kusimama krenki zikiwa zimelala karibu na mzizi, ukaruka vihatua vya sentimita 10 mpaka tairi liguse. Ya tatu ni kukubali mguu dhaifu mbele, na kwa hiyo unafaa kuufundisha tangu siku ya kwanza.

Kabla tu ya kugusa, acha gurudumu litangulie mwili kidogo, kama vile unaegemea nyuma kwa upana wa kiganja. Inuka sentimita chache kutoka kwenye siti, vuta kishikio juu, na mguu wa mbele ukandamize kwa nguvu moja ndefu. Tairi likifika kileleni, rudi kwenye siti na mguu wa nyuma ukaze kuzuia gurudumu lisikukimbie. Kuzuia huku ndiko kunakosahaulika: mtu anashangilia mzizi ameuvuka, kisha anatua kwa makalio.

Vuka mzizi kwa pembe mraba. Ukiuvuka kwa mshazari, tairi linateleza kuufuata, hasa ukiwa umelowa au umechubuliwa gome. Pasipo nafasi ya kunyoosha, ruka juu yake.

Kwa mazoezi chagua mzizi mmoja, si njia nzima. Uvuke mara kumi mguu wa kulia ukiwa mbele, mara kumi wa kushoto, ukianzia umbali ule ule uliopimwa: mita 3 kamili. Ndipo jicho linapojifunza mita 1 ni kiasi gani bila kuhesabu.

Kuruka gogo

Kwa gurudumu la 24, gogo la hadi sentimita 15 linaweza kuvukwa kwa kuviringisha ukiwa na uzoefu. Zaidi ya hapo, simama kando yake ukiwa sambamba nalo, krenki zimelala, kishikio mkononi. Ruka mara mbili tatu papo hapo kupata mdundo, chuchumaa, kisha ruka kwa upande huku ukivuta siti juu pamoja nawe. Tua krenki zikiwa bado zimelala: pedali zote mbili zinakuwa sentimita 32 juu ya ardhi. Zikiwa zimesimama, ya chini iko kama sentimita 16 tu na itagonga gogo, na hilo ni anguko la upande, baya kuliko yote.

Kupanda kilima

Egemea mbele, inuka, vuta kishikio kuelekea tumboni, na uende kwa nusu mzunguko mmoja mmoja. Kila krenki zinapolala, pumzika kwa kitambo kifupi ukiwa umesimama, kisha sukuma kuivuka sehemu iliyokufa hadi zilale tena. Anayejaribu kupanda kwa mwendo mmoja usiokatika hukwama pale pale krenki zinaposimama. Kwenye mwinuko mrefu, mwendo wa polepole wenye vituo unakupeleka mbali kuliko kukimbilia kilele.

Kushuka

Jifunze breki kwenye nyasi zenye mteremko mdogo kwa dakika 20 kabla ya kuitegemea. Ivute taratibu mpaka miguu ihisi kama iko tambarare, yaani unasukuma kidogo badala ya kuzuia, na uishikilie hivyo hivyo muda wote. Kuivuta kwa vipindi kunageuza kila kuvuta kuwa mzizi mdogo unaokurusha mbele. Mwili uwe nyuma kidogo, magoti yamekunjwa, na mkono wa nje juu. Kwenye ngazi za mizizi, achia breki kiasi pale gurudumu linapodondoka, kaza tena likitua. Kama unasikia harufu ya kuungua, simama upumzishe diski, na usiiguse kwa kidole kujua kama imepoa.

Kuanguka

Utaanguka, na mara nyingi utatua kwa miguu. Gurudumu likikwama kwenye mzizi, achia kishikio na ukimbie hatua mbili tatu mbele. Likikukimbia mbele, shusha mguu mmoja nyuma mapema. Baiskeli iache ianguke. Kujaribu kuidaka ukiwa hewani ndiko kunakovunja vifundo vya mikono.

Kukaza na kusikiliza

Baada ya kilomita ya kwanza ya baiskeli mpya, kaza tena bolti za krenki kwa kipimo cha mtengenezaji. Nyingi za ISIS ni kati ya Nm 35 na 50 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Vifuniko vya beringi, kinyume chake, vikazwe kwa vidole na eleni fupi tu. Ukivibana mno, beringi inakuwa nzito na kufa mapema. Jaribio ni kuinua baiskeli na kulisukuma gurudumu, linapaswa kuzunguka mara kadhaa lenyewe. Spoku zibonyeze mbili mbili baada ya kila safari. Iliyolegea moja inazilegeza jirani zake.

Mlio wa "kli" mara moja kwa kila mzunguko, hasa ukisukuma kwa nguvu, karibu kila mara ni krenki iliyolegea au pedali isiyokazwa. Usimalize safari nao. Krenki ikiendeshwa imelegea kwa kilomita chache, meno yake ya ndani yanalika, na baada ya hapo hakuna kukaza kutakakosaidia. Ni kununua nyingine.